pflogd: karani anayeandika daftari la fayawoli

Wadau, mtu akisema "nimeshaweka fayawoli" huwa kuna swali la pili ambalo halijibiwi: nani anaandika? Fayawoli, yaani ule ukuta wa kulinda mtandao, inaruhusu na kuzuia pakiti mchana kutwa, halafu inasahau. Siku seva ikivamiwa, au bosi akitaka kujua nani aligonga saa nane za usiku, bila daftari hakuna wa kujibu. Na daftari lililosomwa vibaya ni balaa zaidi, maana mtu anaweza kupoteza kazi kwa mstari mmoja ambao hausemi kabisa kile anachoshtakiwa nacho.

Karani tunayemwangalia leo anaitwa pflogd, anakaa kwenye mfumo endeshi wa OpenBSD. Hadi Mei 2001 OpenBSD ilitumia fayawoli ya IPFilter ya Darren Reed, ikaondolewa kwa ugomvi wa leseni. Daniel Hartmeier akaandika mpya, PF, iliyotoka na OpenBSD 3.0 Desemba 2001. FreeBSD nao wakaichukua, wakaiweka rasmi kwenye toleo la 5.3 mwaka 2004. Kwenye OpenBSD pflogd inawashwa pamoja na PF yenyewe; kwenye FreeBSD lazima uandike pflog_enable="YES" ndani ya /etc/rc.conf, vinginevyo daftari halipo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kwenye /etc/pf.conf unaandika kanuni zako, na ile unayotaka iandikwe unaipa neno log:

block in log on egress
pass in log on egress proto tcp to port 22

Pakiti ikiangukia kanuni yenye log, kerneli inatoa nakala na kuitupa kwenye kadi ya mtandao ya bandia inayoitwa pflog0. Kadi hiyo haina waya wala taa, ipo ndani ya mashine tu. pflogd imekaa chinichini inaisikiliza, na kila inachookota inakiandika kwenye /var/log/pflog. Fayawoli yenyewe haisubiri diski, na huo ndio uzuri wa kazi hii kupewa programu nyingine. Tena pflogd imegawanywa mara mbili: sehemu ndogo inabaki na mamlaka ya kufungua mafaili, na inayoshika pakiti za watu wasiojulikana inaendeshwa na mtumiaji asiye na nguvu, _pflogd. Ni akili nzuri, kwani anayekuletea hizo baiti anaweza kuwa adui.

Usijaribu kulifungua faili hilo kwa cat, utaona takataka. Limeandikwa kwa mtindo wa tcpdump, na husomwa hivi:

tcpdump -n -e -ttt -r /var/log/pflog

Ukitaka kuangalia moja kwa moja, weka -i pflog0 badala ya -r na jina la faili. Utapata mistari ya namna hii (anwani ni za mfano tu):

rule 2/(match) block in on em0: 203.0.113.7.51324 > 192.0.2.10.22: S

Maana yake: kanuni namba 2 imezuia pakiti iliyokuwa ikiingia kupitia kadi em0, kutoka anwani ya kwanza kwenda mlango wa 22 wa anwani ya pili, na hiyo S ni ombi la kuanzisha mawasiliano.

Sasa hapo ndipo watu wanapopotea. Namba 2 si mstari wa pili wa pf.conf. PF inapopakia kanuni inazifumua: mstari mmoja wenye orodha ya milango mitatu unaweza kuwa kanuni tatu. Namba halisi utazipata kwa pfctl -vv -s rules. Na ukiongeza kanuni juu, zote za chini zinasogea, lakini daftari la wiki iliyopita linabaki na namba za zamani. Kwa hiyo kila ukibadilisha pf.conf, tunza ile ya zamani na tarehe yake. Bila hivyo, baada ya miezi mitatu "rule 2" haina maana yoyote.

La pili ni zito zaidi. PF hukumbuka mawasiliano, na kwa kawaida kanuni inayoruhusu huandika ile pakiti ya kwanza tu, inayofungua mawasiliano. Zinazofuata zinapita kimya. Yaani daftari linaweza kukwambia kompyuta fulani ilianza kuongea na seva fulani saa 2:14 usiku. Haliwezi kukwambia iliongea kwa muda gani wala ilibeba megabaiti ngapi. Anayesema "logi inaonyesha alipakua usiku kucha" kwa kuona mstari mmoja anabuni, kwa lugha ya upole. Ukitaka kila pakiti iandikwe unaweka log (all), lakini iweke kwa jambo mahususi na kwa muda mfupi, la sivyo diski italia.

Halafu PF hufuata kanuni ya mwisho inayolingana, labda uwe umeweka quick. Ukiandika block log juu kabisa, kisha pass chini bila log, pakiti iliyopita haiandikwi popote. Ukimya wa daftari si ushahidi kwamba hakuna aliyepita.

Kuhusu kile kinachohifadhiwa, pflogd haiweki pakiti nzima. Kwenye OpenBSD inachukua baiti 160 za mwanzo, na nyingi zinaliwa na vichwa vya pflog, IP na TCP. Ukiongeza kwa -s utaanza kuhifadhi na maneno ya watu. Binafsi sioni sababu ya kufanya hivyo kwenye ofisi ya kawaida, na Tanzania tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Kenya wana yao ya 2019.

Umeme nao. pflogd hulimbikiza kwanza, kisha humwaga kwenye diski kila sekunde 60. Umeme ukikatika, dakika ya mwisho inaweza kwenda na maji. Kwa -d 5 unashusha hadi sekunde 5. Ikikuta faili la zamani limeharibika, hailiendelezi. Inalisogeza pembeni na kuanza jipya, kwa hiyo usishangae kukuta mawili.

Kuzungusha mafaili ni kazi ya newsyslog, na mpangilio wa OpenBSD ni kilobaiti 250 kwa faili, nakala za zamani tatu. Hiyo ni ndogo mno kwa seva iliyo wazi kwa dunia. Mtu akikurushia pakiti za ovyo kwa wingi, zote zinazuiwa na zote zinaandikwa, na alama zake za kwanza zinasukumwa nje. Ongeza ukubwa ndani ya /etc/newsyslog.conf, na peleka nakala kwenye mashine nyingine kupitia syslog:

tcpdump -lnettti pflog0 | logger -t pf -p local0.info

Kisha ielekeze syslogd itume local0 huko nje. Hakikisha na saa za mashine zote zinakwenda pamoja kwa ntpd. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 kinaangalia namna kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa, na wakili wa upande wa pili ataanzia hapo hapo. Pia atauliza anwani ni ya nani. Kwenye mitandao ya simu watu wengi hugawana anwani moja, hivyo bila namba ya mlango wa chanzo (ile 51324 hapo juu) na sekunde sahihi, kampuni ya simu yenyewe inaweza kushindwa kumtaja mteja.

Wa Linux wasijisikie wameachwa. Kwao karani anaitwa ulogd, iptables inampelekea pakiti kwa -j NFLOG, naye anaweza kuziandika kwa mtindo wa tcpdump au moja kwa moja kwenye hifadhidata kama MySQL na PostgreSQL. Yale ya mstari mmoja na ya anwani yanawahusu vilevile.