Gari la Babu wa Tinde

Msikilizaji mmoja wa Tinde, pale barabara ya kutoka Nzega inapogawanyika, moja ikishika Shinyanga na Mwanza na nyingine ikishika Isaka na Kahama, ametuletea barua yenye ugomvi ndani yake. Anasema nyuma ya nyumba yao lipo gari la babu yake, Peugeot 404, limekaa juu ya matofali miaka mingi na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Wanunuzi wa chuma chakavu wamekwishafika mara mbili na mizani yao. Babu amekataa mara zote mbili. Anasema gari hilo si chuma chakavu, kwani liliwashinda Wazungu na magari yao ya Ulaya. Wajukuu wanacheka. Wao wanajua ni magari gani yaliyoshinda duniani, maana wameyaendesha wenyewe katika kibanda cha gemu: Ford GT40, Porsche 917, Mazda 787B. Hilo la babu halimo. Mwandishi anauliza: nani mkweli kati ya babu na gemu?

Ndugu msikilizaji, swali hili linaonekana dogo, lakini mizani ya chuma chakavu itarudi mara ya tatu. Kwa hiyo tulijibu sasa.

Tuanze na magari ya wajukuu. Hayo matatu yalipata sifa yao Le Mans, nchini Ufaransa, katika mbio za saa 24 zilizoanza mwaka 1923. Ford GT40 lilishinda huko miaka minne mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1969. Porsche 917 likashinda 1970 na 1971. Mazda 787B likashinda 1991, likawa gari la kwanza la Kijapani kufanya hivyo. Hakuna anayeweza kuyanyima magari hayo heshima yake. Kukimbia mchana na usiku bila kupumzika ni kazi ya chuma na ya mtu pia. Lakini hebu tazama mahali penyewe. Njia ya Le Mans ni ya mzunguko wa kilomita 13 na ushei. Ni lami tupu, imefungwa, haina ng'ombe wala lori la pamba. Gari likipata homa, kila baada ya dakika chache linapita mbele ya mafundi wake wenyewe, wamesimama na spana mkononi.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipotawazwa, walowezi wa Kenya walianzisha mashindano ya magari kwa heshima yake. Mmoja wao, Eric Cecil, hakupenda mchezo wa kuzunguka uwanja mmoja kama ng'ombe wa kukamua mafuta. Alitaka kwenda mbali. Njia ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yakatakiwa kuwa yale yale yanayouzwa dukani. Mwaka 1960 mashindano yalichukua jina la East African Safari. Kwa miaka mingi yalikimbiwa wakati wa Pasaka, yaani masika yanapokuwa yamefika, na hiyo haikuwa bahati mbaya. Matope yalikuwa sehemu ya mtihani.

Urefu ulikuwa kiasi cha kilomita 5,000, siku tatu au nne, mchana na usiku, na mapumziko ya saa chache tu. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na basi, mbuzi, harusi na daraja lililobebwa na maji. Katika kila kituo alitakiwa kufika kwa saa iliyopangwa, na akichelewa alihesabiwa alama za adhabu dakika kwa dakika. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Upande wa Tanganyika madereva walikutana na milima ya Usambara, vilima vya Mbulu na udongo mweusi wa nchi tambarare, ule ambao ukinyeshewa hunata kwenye tairi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Mtu wa Shinyanga hahitaji kuelezwa udongo huo ni upi. Ndio uliokuwa ukilaza malori njiani kabla ya lami.

Mwaka 1963 mvua ilikuwa kali. Magari 84 yalianza safari. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7. Si sabini, ni saba. La kwanza kati ya hayo liliendeshwa na Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, wakazi wa Kenya. Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404.

Mwaka 1966 ndio ule ambao Ford GT40 lilishinda Le Mans kwa mara ya kwanza, baada ya kampuni ya Ford kumwaga fedha nyingi kuwashusha Ferrari. Mwaka huo huo East African Safari ilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell. Shankland alizaliwa Scotland, lakini alikuwa mkazi wa Tanzania. Gari lao, Peugeot 404. Mwaka 1967 watu hao hao wakashinda tena, gari ni lile lile, 404. Mwaka 1968 mvua ikarudi kwa hasira, magari zaidi ya 90 yakaondoka, na kwa mara ya pili yakafika saba tu. Akashinda tena Nowicki na Cliff, na tena kwa 404. Ushindi mara nne katika miaka sita. Hakuna aina nyingine ya gari iliyofanya hivyo katika mashindano haya miaka hiyo ya 1960.

Kwa nini 404? Wanaojua ufundi watanielewa haraka. Lilikuwa na springi za koili ndefu zilizokubali kuzama shimoni na kurudi bila kuvunja kitu. Tumbo lake lilikaa juu kidogo, hivyo sampo haikugonga kila jiwe. Yale yaliyoshinda 1966 hadi 1968 yalikuwa na injini isiyotumia kabureta; petroli ilipigwa kwa pampu maalumu hadi kwenye kila silinda. Halikuwa na mbio za kutisha. Kwenye lami iliyonyooka magari mengi yangeliacha. Lakini asubuhi ya siku ya tatu magari hayo mengi yalikuwa mtaroni, na 404 lilikuwa bado linatembea.

Na hapa ndipo ninapoona babu ana hoja nzito kuliko wajukuu wanavyodhani. Ford GT40 hakuna aliyeweza kulinunua akampeleka mgonjwa hospitali. Peugeot 404 liliuzwa dukani. Daktari alikuwa nalo, na mwalimu mkuu aliyebana matumizi, na mfanyabiashara wa pamba. Lilipita Nzega, Tinde na Mwanza likiwa na abiria kuliko idadi yake na magunia juu ya paa. Mtu aliyesikia redioni siku ya Pasaka kwamba 404 limeshinda, Jumanne aliliona lile lile likipita mbele ya nyumba yake, limejaa vumbi. Sifa ya namna hiyo haitengenezwi na matangazo ya biashara. (Peugeot nayo ni kampuni ya Ufaransa, tena ya Ulaya ile ile ambayo babu anadai iliaibishwa. Jambo hilo tumwachie mwenyewe.)

Lakini babu asikaze sana sauti, maana 404 halikuwa peke yake. Mwaka 1965 Joginder Singh, Kalasinga mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 kuukuu. Gari hilo lilikuwa limeshindana mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva wa kiwanda kutoka Sweden. Wao wakalinunua likiwa limetumika na kulitengeneza upya kwa mikono yao. Joginder akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer dogo la injini ya 1600, wakati ambapo watu wengi huku walikuwa hawajalisikia jina la Mitsubishi kwenye gari dogo. Alishiriki mashindano haya mara 22 na kufika mwisho mara 19. Takwimu hiyo ya pili mimi naithamini kuliko vikombe vyake vitatu.

Kisha wakaja Wajapani. Datsun 1600 SSS lilishinda 1970, na Datsun 240Z likashinda 1971. Mwaka 1973 madereva wawili wa Datsun walimaliza wakiwa na alama sawa kabisa baada ya maelfu ya kilomita, na ushindi ukapewa Shekhar Mehta wa 240Z kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mehta alikuwa mzaliwa wa Kampala aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun Violet. Kama unashangaa kwa nini barabara zetu zilijaa magari ya Japani, sababu ziko nyingi, bei ikiwemo. Lakini sehemu ya imani hiyo ilijengwa katika matope hayo.

Jambo moja halimo katika vitabu vya washindi. Gari linapozama, hutoka kwa kusukumwa. Nani alisukuma? Wanakijiji. Walitoka mashambani, wakashika bampa, wakarushiwa matope usoni, wakapewa shilingi au wakapewa mkono wa kwaheri. Miaka ya mwanzo mchezo ulikuwa wa walowezi na Mwafrika alikuwemo kama msukumaji na mtazamaji. Ilichukua muda mrefu hadi dereva Mwafrika apewe gari la maana la kiwanda. Patrick Njiru wa Kenya alifika mwisho mwaka 1993 kwa Subaru Vivio, kigari cha injini ya 660, na mwaka 1994 akawa wa nne katika mashindano yote kwa Subaru Impreza.

Wakati huo Tanzania ilikuwa imekwishatoka katika njia hiyo zamani. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalibaki Kenya peke yake na jina likawa Safari Rally. Uganda ilikuwa chini ya Amin. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Sisi tulikuwa na mambo mazito kuliko mbio za magari, vita ya Kagera ikiwa mojawapo. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Ila tulipotoka njiani tulitoka pia katika kumbukumbu. Leo ukitaja Safari Rally, kijana wa Tanzania anafikiri unazungumzia mchezo wa jirani.

Na gemu je? Wajukuu wasidhani kwamba gemu halina chochote cha kwetu. Sega Rally, lililopendwa sana katikati ya miaka ya 1990, lilimpa mchezaji magari mawili ya kuanzia: Toyota Celica GT-Four na Lancia Delta. Sasa tazama orodha ya Safari Rally. Lancia Delta lilishinda 1988, 1989 na 1991. Celica GT-Four lilishinda 1990, na kuanzia 1992 hadi 1995 hakuna gari jingine isipokuwa Celica. Kabla ya kuwa picha katika kioo, magari hayo yalikuwa yakigongwa na mawe ya Kenya, yana vyuma vya kukinga wanyama mbele na helikopta juu kumwonya dereva kwamba kuna lori kwenye kona. Safari Rally ilitolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021 huko Naivasha, ikiwa fupi sana na barabara zikiwa zimefungwa. Gemu liitwalo WRC 9 liliweka njia za Kenya mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya mbio zenyewe kurudi. Kijana anaweza basi kuendesha Naivasha akiwa ameketi Tinde. Usambara na Mbulu hawezi, kwa sababu waliotengeneza gemu waliiga njia ya leo, na njia ya leo haifiki huko.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa Tinde, jibu la barua yako ni hili: gemu halikusema uongo, lakini babu yako naye kasema kweli, na yeye ndiye aliyesema habari iliyotokea hapa kwetu. Kabla mizani haijarudi, waondoe kuku, mfungue boneti mbele ya babu. Mkikuta kabureta, hilo ni ndugu wa magari yaliyoshinda, lililobeba watu wa Nzega na Mwanza. Mkikuta hakuna kabureta, bali pampu yenye mirija minne myembamba iendayo kwenye silinda nne, basi hilo ni aina ile ile ya Shankland ya 1966 na 1967. Andikeni namba za injini na za bodi. Halafu mmoja wenu achukue daftari akae chini na mzee, amwulize alilipata wapi, mwaka gani, alibeba nani, na kama aliwahi kuwaona wale wa Pasaka wakipita.