Mwezi unapokatika: wankambo, kampani na wamama wetu wa leo

Kwetu Lubumbashi, mama akikaribia miaka 48 ao 50, damu yake inaanza kumuchezea. Mara inakuja mara mbili katika mwezi moja, mara inapotea miezi mitatu. Usiku anaamka amelowa jasho, anatupa blanketi, kisha baridi inamushika. Asubuhi anasema: «Ni malaria.» Anaenda kununua dawa, anameza. Nyuma ya wiki mbili jasho linarudi, anameza tena bila kupimwa. Nyumbani wanaona hasira yake na kukosa usingizi kwake, na wengine wanaanza kunong'ona habari za ulozi. Ni wachache wanaomwambia jina la kweli la jambo hili: ukomo wa hedhi, yale Wafaransa wanaita menopozi.

Tumezoea kusema ya kuwa kimya hiki ni mila yetu. Sisi tunafikiri sivyo. Kimya hiki kina historia yake, na si historia ndefu sana.

Tuanze na shaba, kwa sababu katika Katanga mambo mengi yanaanza pale. Mbele ya Wazungu kufika, watu wetu waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo na kutengeneza ile misalaba iliyotembea mbali sana kwa biashara. Kambi ya wayeyushaji ilikuwa na miiko mikali. Mwanaume hakulala na bibi yake, na mwanamuke anayeona mwezi hakukaribia moto. Katika jamii nyingi za Afrika ya Kati, tanuru lilifikiriwa kuwa kama tumbo la mama linalozaa. Nguvu mbili za kuzaa hazikupaswa kugongana. Ndiyo maana, pahali pengi, mwiko huo haukumufunga sawasawa msichana mudogo wala mama aliyekwisha kuacha kuona mwezi. Huyu mama alikuwa amevuka. Alipokea watoto, alifundisha mabibi arusi, alisema mbele ya wanaume bila kuinamisha kichwa.

Lakini tusipake asali juu ya mambo ya zamani. Yule asiyezaa hakupata heshima ile ile, na mama muzee aliweza kushitakiwa ulozi zamani kama leo. Tunachosema ni kwamba kukatika kwa mwezi kulikuwa na pahali pake katika maisha. Kulikuwa mulango wa kuingia kwingine, na wamama waliotangulia walikuwa pale kumupokea anayefika.

Kisha kampani ikaja. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na tanuru la Lubumbashi likawaka mwaka 1911. Kwanza ilitafuta wanaume peke yao, kwa kontra fupi, na wengi walikufa. Karibu na mwaka 1928 ilibadili siasa: mutumishi akae na bibi yake kambini, wazae, na watoto wao wawe watumishi wa kesho. Ndipo zikaja nyumba za kuzalia, maziwa ya watoto, mizani ya kuwapima. Posho ilihesabiwa kwa mutumishi, bibi yake na watoto wake. Hatuwezi kukana ya kuwa watoto wengi walipona. Lakini katika hesabu ile mwanamuke aliandikwa kwa sababu anazaa. Aliyemaliza kuzaa, kazi ya wauguzi kwake ilipungua. Na nkambo, yule ambaye angemueleza binti yake mambo ya jasho la usiku, mara nyingi alibaki mugini, mbali na njia ya reli. Sisi tunaona ni pale uzi ulikatika: binti alipata munganga wa kumuzalisha, akakosa mama wa kumuvusha.

Wazungu wenyewe hawakuwa na jibu moja. Neno menopozi si la zamani kwao: munganga Mufaransa, de Gardanne, ndiye alilitia katika kitabu mwaka 1821. Mwaka 1942 Marekani ilianza kuuza vidonge vya homoni vilivyotoka katika mukojo wa farasi wenye mimba. Mwaka 1966 munganga Robert Wilson aliandika kitabu akisema ya kuwa menopozi ni ugonjwa wa kutibiwa, na wamama wengi wakameza. Mwaka 2002 utafiti mukubwa wa kule ulionyesha hatari, kati yake kansa ya matiti, na wengi wakatupa vidonge kwa woga. Walipochunguza tena, waliona ya kuwa kwa mama asiyefika miaka 60, ao asiyepita miaka 10 tangu mwezi kukatika, na asiye na kizuizi kama kansa ya matiti ao damu kuganda, faida mara nyingi inapita hatari. Kwa hiyo dawa ipo, lakini inapangwa na munganga, haiokotwi sokoni.

Basi mwili unafanya nini? Mayai yanakwisha, homoni ya kike inashuka. Pale katika ubongo panapopima joto la mwili panachafuka: joto kidogo tu, ubongo unafungulia jasho. Miezi 12 ikipita bila damu, ndipo tunasema mwezi umekatika. Kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Jasho linaweza kudumu miaka saba na zaidi; si wiki moja. Mifupa nayo inapungua nguvu, na sehemu za siri zinakauka.

Njia za kawaida ziko, na nyingi ziko jikoni mwetu. Lala na kitenge chepesi cha pamba, fungua dirisha ukiwa ndani ya chandarua, weka maji baridi karibu. Ukiona pilipili, pombe ao chai ya moto jioni vinaamusha jasho, viache. Ndakala zinazoliwa na mifupa yake, pamoja na lengalenga, zinasaidia mifupa. Kutembea na kulima pia. Soya, hata ile ya uji wa masoso, ina kitu kinachofanana kidogo na homoni ya kike. Kwa wengine inapunguza jasho, kwa wengine hapana. Tumbako inaharibu yote. Kwa ukavu, mafuta yanayofaa yanaulizwa kwa munganga. Majani, mawe na poda za kuingiza sehemu za siri zinaumiza ngozi na kufungulia magonjwa mulango, hata virusi vya ukimwi.

Mambo mawili yasingoje. Homa ya kweli ipimwe damu mbele ya kumeza dawa ya malaria. Na damu ikirudi nyuma ya mwaka muzima wa ukavu, hata tone moja, si «ujana umerudi»: ni lazima kwenda lopitali, kwa sababu inaweza kuwa kansa.

Kwa wababa wanaosoma hapa: bibi anayekukataa usiku pengine anaumia, hakuchukii. Muulize kwanza.

Na kwa mabinti: miaka ambayo mama alikatikia mwezi mara nyingi inakaribia ile ya binti yake. Kwa hiyo tunawaomba jambo moja, lisilo na bei. Siku moja mukichambua sombe pamoja, muulize mama: «Wewe ulifika pale na miaka ngapi? Ulifanya namna gani?» Pengine atacheka, pengine atanyamaza kwanza. Mungojee. Hakuna aliyemuuliza tangu siku ile.