Kamala, "Jitu la Uganda" Ambaye Hakuwahi Kuwa Mganda

Najua wengi wenu mkisikia mieleka akili inakimbilia kwa John Cena, Undertaker, Rey Mysterio na Roman Reigns. Leo nataka tumuongelee jamaa mmoja mkubwa, karibu mita mbili kwenda juu, uzito kama kilo 170, tumbo limechorwa nyota na mwezi. Anaingia ulingoni peku, kinyago usoni, mkuki mkononi, na mtangazaji anasema huyu katoka Uganda. Yaani ng'ambo tu ya ziwa letu hapa. Jina lake Kamala.

Mara ya kwanza kumuona nilikuwa dogo, pale Usagara njia panda. Enzi hizo magari ya kwenda Sengerema na Geita yote yanakimbilia kivuko cha Kigongo, daraja bado. Kulikuwa na kibanda umiza kimoja, ukiwa na shilingi mia unaingia, huna unachungulia kwenye tundu la bati. Siku hiyo waliweka DVD ya mieleka ya zamani. Kamala alipotokea kibanda kizima kilipasuka kwa kicheko. Jamaa anajipiga tumbo, anatoa macho, anamlalia mpinzani aliyelala kifudifudi wakati sheria inataka mabega ndiyo yaguse chini. Mtu wake wa pembeni anahangaika kumuelekeza amgeuze, yeye haelewi. Tulicheka mpaka machozi.

Babu yangu alikuja kunitoa mle ndani maana giza lilishaingia. Akasimama mlangoni, akaangalia runinga kidogo, akauliza yule nani. Tukamjibu kwa pamoja, "Mganda huyo, babu!" Akasema, "Mganda wapi? Mimi Kampala nimeingia kwa miguu mwaka 79. Sijaona mtu wa hivyo."

Tukamcheka na yeye. Nimekaa na ile kauli miaka mingi, mpaka nilipopata simu yenye bando nikaanza kufuatilia. Wadau, babu alikuwa sahihi.

ALIKUWA NANI HASA

Jina lake halisi ni James Harris. Alizaliwa tarehe 28 Mei 1950 huko Senatobia, jimbo la Mississippi, Marekani. Uganda hana hata shangazi. Baba yake alipigwa risasi akafa yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alikulia kwenye umaskini, akafanya vibarua vya shamba, ujana wake ukawa na matatizo na polisi, akahama kwenda Florida. Kule alichuma matunda na kuendesha malori. Baadaye akahamia Michigan na huko akakutana na Bobo Brazil, mmoja wa wanamieleka weusi waliofungua njia Marekani. Hapo ndipo akafundishwa kazi, na mwaka 1978 akaanza kupanda ulingoni.

Mwanzoni alipigana kwa majina ya kawaida kabisa, kama Sugar Bear Harris. Alienda mpaka Uingereza kutafuta riziki. Mpunga haukuwa wa maana. Alikuwa mwanamieleka mkubwa wa mwili, lakini wakubwa wa mwili kwenye ile kazi wako wengi.

Mwaka 1982 mambo yakageuka. Alikutana na Jerry Lawler, nyota wa mieleka wa Memphis, pamoja na promota Jerry Jarrett. Wakakaa, wakamtungia uhusika. Rangi usoni, kifuani na tumboni, kitambaa kiunoni, kinyago, mkuki. Video za kumtambulisha, ambazo mtazamaji aliaminishwa ni msitu wa Afrika, zilirekodiwa kwenye eneo la Jarrett hukohuko Tennessee, na ukungu ukatengenezwa. Jina nalo limekaa kama Kampala iliyonyofolewa herufi moja. Kichekesho ni kwamba wenzetu Wahaya pale Kagera wanalo jina Kamala kweli kabisa, na wanaobeba jina hilo ni wasomi na wabunge. Sidhani kama Memphis kuna mtu alikuwa na habari hiyo.

Ili hadithi inoge, ikasemwa kwamba Kamala alikuwa mlinzi wa Idi Amin.

SASA HAPA NDIPO INAPOUMA

Kwa mtu wa Memphis mwaka 1982, Idi Amin ni jitu la kwenye taarifa ya habari. Kwa mtu wa Mwanza ni kitu kingine. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, nyumba zikachomwa. Mwalimu akatangaza vita, vijana wa jeshi na mgambo wakaenda, babu yangu akiwemo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Na sisi hapa mjini hatukuachwa. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, ambayo Gaddafi aliituma kumsaidia Amin, ilikuja kupiga Mwanza. Walilenga bohari la mafuta wakakosa, mabomu yakaangukia Saanane, kile kisiwa mnachoenda kupigia picha za wikiendi, yakaua swala. Wazee wa mjini wanakumbuka mlio wake mpaka leo.

Sasa piga hesabu. Kutoka 1979 mpaka 1982 ni miaka mitatu tu. Huku kuna wajane bado wanalia, Waganda ndio kwanza wanajaribu kusimama, na kule mtu anachora nyota tumboni kwa mwanaume wa Mississippi na kukata tiketi. Sisemi walikaa chini wakapanga kututukana. Nadhani hatukuwa kichwani mwao kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sisi tulikuwa rangi ya kupaka tu.

Halafu angalia yule mtu wa pembeni. Aliitwa Kim Chee. Alivaa barakoa na nguo za safari na ile kofia ngumu ya wakoloni, na kazi yake ilikuwa kumuongoza Kamala kama mnyama aliyefungwa kamba. Tukiwa watoto hatukuiona hiyo kofia. Mimi niliiona nilipoirudia video nikiwa mtu mzima, kicheko kikanikauka.

KAZI ILIKUWA KAZI

Lakini tusimdharau Harris. Kamala aliuza. Ndani ya miaka michache alipanda ulingo mmoja na Andre the Giant na Hulk Hogan, miamba ya zama zile. Mieleka ya mikoa ya kusini mwa Marekani wakati ule ilikuwa ya damu, viti na ngumi za kweli zinachanganywa na za kuigiza. Mwisho wa pambano umepangwa, ndiyo, ila sakafu haijapangwa. Ukirushwa chini ukiwa na kilo 170, mgongo unajua.

Tarehe 29 Agosti 1992 alipigana na Undertaker kwenye uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu kama 80,000. Novemba mwaka huohuo wakarudiana kwenye pambano la jeneza, anayeshindwa anafungiwa humo. Kamala akafungiwa. Mtoto wa Mississippi aliyekuwa anachuma matunda, sasa dunia nzima inamuangalia. Hapo utasema maisha si ameyapatia?

Nilivyomsimulia babu habari hii yote, hakuuliza nani alishinda. Aliuliza, "Kwa hiyo alilipwa?"

Harris mwenyewe alilijibu swali hilo kwenye mahojiano akiwa ameshastaafu. Alisema kwa pambano la Wembley alipata kama dola 13,000, na akadai mwenzake alilipwa mara nyingi zaidi ya hapo. Aliamini rangi yake ilihusika. Mwaka 1993 wakajaribu kumgeuza awe mtu mwema. Akapewa mchungaji wa kwenye maigizo, Slick, wa kumfundisha "kuwa binadamu", wakapelekwa mpaka kucheza boling. Yaani miaka kumi na moja ya kazi, na hadithi mpya ni kwamba sasa ndiyo anaanza kujifunza ubinadamu. Mwaka huohuo akaondoka, na akarudi kwenye kitu alichokijua kabla ya umaarufu, usukani wa lori.

Alirudi ulingoni mara kadhaa, mpaka WrestleMania ya 2001 kwenye pambano la vichekesho la wahusika wa zamani. Kisukari kikawa kinamla polepole. Novemba 2011 akakatwa mguu wa kushoto, Aprili 2012 ukafuata wa kulia. Akawa anakaa nyumbani Mississippi, anatengeneza viti vya mbao na kuviuza. Tarehe 9 Agosti 2020 alifariki baada ya kupata korona. Miaka 70.

LINGANISHA NA HUYU

Wakati huohuo alikuwepo mzungu mmoja, Mick Foley. Naye alikuwa mtu wa mieleka ya damu na vichekesho kwa pamoja. Mwaka 1994 huko Munich, Ujerumani, kamba za ulingo zilimnyofoa sikio akiwa anapigana na Vader. Mwaka 1995 alishinda mashindano Japani yenye waya za miba na milipuko. Juni 1998 Undertaker alimtupa kutoka juu ya kizimba, kama mita tano, akaangukia meza ya watangazaji. Kisha akainuka akaendelea! Na huyohuyo miezi michache baadaye anawachekesha watu kwa soksi aliyoivaa mkononi na kuipa jina.

Foley alikuwa na sura tatu, Cactus Jack, Mankind na Dude Love. Dude Love aliitunga mwenyewe akiwa kijana tu anarekodi video na washkaji zake, miaka mingi kabla haijafika kwenye runinga. Kitabu chake cha maisha alikiandika kwa mkono, kikatoka 1999 na kikauza kinoma. Januari 1999 akawa bingwa wa dunia. Kwenye mieleka alikuwa anaongea, tena anaongea vizuri.

Kamala hakuruhusiwa kuongea. Uhusika wake ulikuwa wa mtu asiyejua lugha yoyote. Kwa miaka yote hiyo mashabiki hawakusikia sentensi moja kamili kutoka kwake ulingoni. Mwaka 2014, akiwa hana miguu, ndipo alipotoa kitabu chake, na jina lake kwa Kiswahili maana yake ni "Kamala anaongea". Mimi hicho kichwa cha kitabu peke yake kilinitosha.

Wote wawili waliumiza miili. Wote walichekesha. Tofauti ninayoiona mimi ni moja. Foley alivaa kinyago alichokichonga mwenyewe, akakivua alipotaka. Harris alivalishwa. Na ukivaa kinyago cha mtu, mwenye kinyago ndiye anapanga bei.

KWETU KAMA TUNGEULIZWA

Kinachochekesha ni kwamba kama kuna watu dunia hii wanaelewa burudani ya ushindani, ni watu wa ziwa hili. Nenda Bujora mwezi wa sita kwenye Bulabo. Bagika na Bagalu wanapiga ngoma kwa wakati mmoja, kila upande unataka kuvuta watu, na mshindi ni mwenye umati mkubwa. Watu wanacheza na chatu shingoni, wengine wanavaa vituko na kuigiza mpaka mpinzani akose watazamaji. Majina ya jukwaani yapo, majigambo yapo, vijembe vipo, dawa zinasingiziwa. Hiyo ni mieleka bila kuangushana! Na pale hakuna aliyemwambia Msukuma ajifanye mtu wa msituni ili achekeshe. Anajicheka mwenyewe, kwa Kisukuma chake, na wanaocheka wanaelewa.

Uganda nako sasa wapo Waganda wa kweli. Mukono, karibu na Kampala, jamaa anayeitwa Bumbash alianzisha Soft Ground Wrestling mwaka 2023. Ulingo wa miti, chini ni tope, vijana wanarushana na kurekodi kwa simu, video zikasambaa dunia nzima. Wanaumia, na maisha yao sio rahisi. Lakini majina wamejipa wenyewe, na wakitaka kuongea wanaongea. Dunia iliyowahi kulipa kiingilio kumuona Mganda wa Tennessee, leo inawaangalia Waganda wa Mukono bure kwenye simu.

Sijaandika haya ili muache kucheka mkimuona Kamala. Jamaa alikuwa fundi, na kumchekesha mtu ambaye hamuelewani lugha, kwa macho na tumbo tu, sio kazi ndogo. Mchekeni. Ila mkimaliza, mwambieni na mdogo wako aliyekaa pembeni kwamba yule anaitwa James Harris, mtoto wa Mississippi, alikuwa dereva wa lori na fundi wa viti, na Uganda haikumzaa.

Babu nilipomwambia yote hayo alikaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe na yeye walimdanganyia kwao." Kisha akaomba nimuoneshe wale vijana wa kwenye tope. Tukaangalia video sita mpaka bando likakata.