Bibi Anafowadi Kila Kitu? Kabla Hujamcheka, Rudi 1973

Kila group la familia lina bibi wake. Saa kumi na moja alfajiri, watu wamelala fofofo, yeye ameshatupia: picha ya maua, dua, halafu ujumbe mreeefu kwamba maji ya kitunguu saumu yanamaliza presha, dawa za hospitali achana nazo. Wajukuu wanacheka, maisha yanaendelea. Balaa ni siku bibi mwenyewe anapoziacha dawa kweli.

Na si bibi wa Kibongo tu. Utafiti uliochapishwa Marekani 2019 ulionyesha kwamba kwenye uchaguzi wa 2016, watu wa zaidi ya miaka 65 walisambaza habari za uongo Facebook karibu mara saba ya vijana.

Lakini bibi wa hapa ana historia yake, na wengi hawaijui.

Sensa ya 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawajui kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliona watoto watachelewa kuibadilisha nchi, lazima waanze wazazi wao. 1970 ikatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wenye mvi wakaingia kwenye kisomo, na baadhi ya walimu wao walikuwa vijana wadogo tu waliomaliza shule ya msingi. Vitabu vilifuata kazi ya mtu. Kule Kanda ya Ziwa, mkulima wa pamba alijifunza kusoma kupitia pamba, mvuvi kupitia samaki. Lengo lilikuwa mtu afundishwe kitu anachokihitaji.

Halafu ikaja 1973: Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu takriban milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na vitabu vyao. Kipindi kikiisha, hakuna kutawanyika. Wanasoma, wanajadili, wanaulizana hapa kwetu hali ikoje, kisha wanaamua: choo kichimbwe, maji yachemshwe. Kusikia peke yake hakukutosha, watu walikaa chini kwanza.

Kilichokosekana ni swali moja tu: nani kasema? Halikuwa na haja kubwa, maana redio ya nchini ilikuwa ya serikali, na anayeongea alijulikana. Kizazi kizima kikazoea kwamba kilichotangazwa kimeshapita kwa mtu wa kukikagua.

Sasa simu imekaa kwenye kiti cha redio. Sauti nzito ikisema "madaktari wamethibitisha", bibi anaisikia kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Huo si ushamba. Ni imani ya zamani iliyohamia kwenye kifaa kipya.

Na vijana wanamfundishaje? Mjukuu anamnyang'anya simu, anabonyeza fasta fasta, "tayari bibi", anairudisha. Bibi hajajifunza kitu. Kisomo kisingefika popote kwa staili hiyo.

Dawa iko kwenye historia hiyohiyo. Simu ibaki mkononi mwake. Anza na kitu anachokitaka, iwe bei ya mahindi au dawa yake ya presha. Muoneshe ile alama ya mishale miwili WhatsApp, kwamba ujumbe umepita mikono mingi na aliyeuanzisha hajulikani. Kisha muache aandike mwenyewe Google: kitunguu saumu na presha. Afungue kurasa mbili tatu, aangalie nani kaandika, ni hospitali au ni muuza dawa, na wengine wanasemaje. La dawa zake amuulize daktari kabla hajagusa kidonge.

Atashika haraka kuliko unavyodhani. Bibi huyu sokoni hajawahi kununua nyanya kwa muuzaji wa kwanza. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" pengine aliishtukia kabla yako. Kuchuja anajua, hajaambiwa tu kwamba na mtandaoni kunachujwa.

Kwa hiyo kesho alfajiri kitunguu saumu kikiingia tena kwenye group, acha emoji. Mpigie, muulize taratibu: "Bibi, hii nani kasema?" Halafu mkae chini, mjadili, kama walivyokaa wao 1973.