Anayojifunza mkunga kuhusu mwili wa mja mzito

MWANAFUNZI wa ukunga anapoweka mikono yake kwa mara ya kwanza juu ya tumbo la mja mzito, vidole vyake huwa kama vya kipofu. Hugusa kitu kigumu asijue kama ni kichwa au ni makalio ya mtoto. Huhisi tumbo likikaza asijue kama huo ndio uchungu wa kujifungua au ni misuli inayojikunja na kulegea tu.

Kuviondolea vidole hivyo upofu ndilo lengo la somo la maumbile na mabadiliko ya mwili wakati wa ujauzito. Somo hili hutangulia mengine katika mafunzo ya ukunga, maadamu asiyeijua hali ya kawaida hana namna ya kuitambua iliyopotoka.

Uzito wa jambo hili hauhitaji maelezo marefu. Kulingana na takwimu zilizotokana na sensa ya mwaka wa 2019, wanawake 355 hufariki humu nchini kutokana na matatizo ya uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai. Kuvuja damu baada ya kujifungua na shinikizo la juu la damu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo hivyo.

Wakunga wengi nchini hufunzwa katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC), kilichoanzishwa mwaka wa 1927, na katika vyuo vikuu pamoja na vyuo vilivyo chini ya hospitali za kimishonari. Mazoezi hufanyiwa wadini, katika hospitali kama ile ya Pumwani jijini Nairobi iliyoanzishwa mwaka wa 1926. Anayehitimu hukalia mtihani wa Baraza la Wauguzi kabla ya kusajiliwa.

Njia ya mifupa

Darasani, somo huanza na mifupa. Mkufunzi huweka mezani nyonga ya plastiki pamoja na mwanasesere, na kila mwanafunzi hutakiwa kumpitisha mwanasesere huyo ndani ya nyonga hadi atokeze upande wa pili.

Nyonga huundwa na mifupa minne: miwili mipana iliyo kushoto na kulia na ambayo hukutana mbele kwenye kinena, mmoja wa umbo la pembetatu ulio chini ya uti wa mgongo, na kitokono.

Njia anayopitia mtoto ina sehemu tatu. Mlango wa kuingilia una wastani wa sentimita 13 kutoka upande mmoja hadi wa pili, na sentimita 11 kutoka mbele hadi nyuma. Sehemu ya kati ni ya mviringo, yenye takriban sentimita 12 kila upande. Mlango wa kutokea hugeuza mambo: sentimita 11 kwa upana, na 13 kutoka mbele hadi nyuma.

Tarakimu hizo hazikaririwi bure. Kwa kuwa nafasi kubwa ya juu imelala kwa upana ilhali ya chini imeelekea mbele na nyuma, mtoto hana budi kuzungusha kichwa akiwa njiani. Akiinamisha kidevu hadi kifuani, kichwa hupita kwa kipimo cha sentimita 9.5 hivi. Akiinua kichwa na kutanguliza paji la uso, kipimo hicho hufika sentimita 13.5, na njia humfungia.

Isitoshe, mifupa ya fuvu la mtoto haijaungana. Huweza kupandana kidogo ili kichwa kipungue, na nafasi iliyo baina yake ndiyo utosi ambao mkunga huupapasa ili ajue mtoto ameelekea wapi.

Mnamo 1933, wataalamu wawili wa Marekani, William Caldwell na Howard Moloy, waliigawanya nyonga ya mwanamke katika maumbo manne. Mwanafunzi angali anayasoma maumbo hayo, lakini huonywa kwamba wanawake wengi wana mchanganyiko wake. Ufupi wa kimo au wembamba wa kiuno hautoshi kutoa hukumu. Mwendo wa uchungu wenyewe, ukifuatiliwa saa baada ya saa, ndio unaoonyesha kama mtoto atapita.

Mfuko unaokua na kujifunga

Kabla ya mimba, mfuko wa uzazi hutoshana na parachichi dogo lililopinduliwa. Urefu wake ni sentimita 7.5, upana 5 na unene 2.5. Uzani ni kama gramu 60. Mimba inapokomaa, urefu hufika sentimita 30 na uzani gramu 1,000, bila kumhesabu mtoto, kondo la nyuma wala maji ya uzazi.

Ukuta wa mfuko huo una misuli ambayo nyuzi zake zimepishana kama ukili wa mkeka, na mishipa ya damu hupenya katikati yake. Mtoto akishazaliwa na kondo likatoka, nyuzi hizo hujikaza na kuibana mishipa. Kila jeraha hufungwa kana kwamba limefungwa fundo.

Hapa ndipo maisha ya mama hutegemea somo la darasani. Mwishoni mwa mimba, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mfuko wa uzazi kila dakika. Mfuko ukikataa kujikaza, mama anaweza kufa kabla ya gari la wagonjwa kuwashwa.

Ndiyo maana mkunga humdunga mama sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa, kisha huendelea kupapasa tumbo ili ahakikishe kwamba mfuko umekuwa mgumu kama mpira. Ndiyo maana pia humhimiza aende haja ndogo, kwani kibofu kilichojaa huuzuia mfuko kujikaza.

Ukuaji wa mfuko huo ndiyo kalenda ya mkunga. Katika wiki ya 12, kilele chake huanza kupapasika juu ya kinena. Kuanzia wiki ya 20 hadi ya 22 hufika kitovuni, na kufikia wiki ya 36 hukaribia chembe ya moyo. Kipimo kikiwa kidogo au kikubwa kuliko wiki zilizohesabiwa, mkunga huuliza sababu: je, tarehe zilikosewa, mtoto amedumaa, au ni mapacha?

Damu na moyo

Mabadiliko makubwa zaidi hayaonekani kwa macho. Majimaji ya damu huongezeka kwa karibu nusu, huku chembechembe nyekundu zikiongezeka kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Matokeo yake ni damu iliyozimuliwa, na kipimo cha himoglobini hushuka kidogo hata kwa mama mwenye afya.

Hata hivyo, kushuka huko kuna mpaka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mja mzito aliye katika miezi mitatu ya kwanza au ya mwisho ya mimba na mwenye chini ya gramu 11 kwa kila desilita anachukuliwa kuwa na upungufu wa damu. Wajawazito hupewa tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki, na katika maeneo yenye malaria nyingi kama vile ukanda wa Ziwa Victoria na Pwani, huongezewa vyandarua na dawa za kuikinga malaria.

Damu hiyo ya ziada ni akiba ya siku ya kujifungua, lakini huweza kumhadaa mkunga. Mja mzito anaweza kupoteza damu nyingi kabla ya shinikizo lake kushuka. Mapigo ya moyo yanayokwenda mbio ndiyo hutangulia kutoa habari.

Moyo nao husukuma damu zaidi kwa kati ya asilimia 30 na 50, ilhali shinikizo la damu hupungua kidogo katikati ya mimba. Kwa hivyo kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi hakiwezi kupuuzwa kwa kisingizio kwamba 'ni mimba tu'.

Mama akilala chali mimba ikiwa kubwa, mfuko wa uzazi huukandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni, naye huhisi kizunguzungu. Dawa yake ni kulalia ubavu.

Kiungulia, mkojo na viungo

Malalamiko mengi ya kina mama kliniki yana chanzo kimoja. Homoni ya projesteroni hulegeza misuli ya ndani ili mfuko wa uzazi usijikaze kabla ya wakati. Lakini homoni haichagui. Hulegeza pia mlango wa juu wa tumbo, mama akapata kiungulia. Hulegeza matumbo, akafunga choo. Hulegeza mirija ya mkojo, mkojo ukatuama na kukaribisha maambukizi. Maambukizi hayo yakipanda hadi kwenye figo, huweza kuleta uchungu kabla ya siku zake.

Aidha, mama huvuta pumzi za kina zaidi, viungo vya nyonga hulegea, mstari mweusi hujichora tumboni, na dang'a huanza kutengenezwa matitini tangu mwezi wa nne hivi. Damu nayo huganda kwa urahisi zaidi. Ni kinga dhidi ya kuvuja damu, ila mguu mmoja unaovimba na kuuma huhitaji kuchunguzwa haraka.

Dalili ya mvua ni mawingu

Sehemu ngumu ya somo ni kuuchora mpaka baina ya kawaida na hatari. Kuvimba nyayo jioni ni jambo la kawaida. Kuvimba uso na mikono ghafla, pamoja na kuumwa sana na kichwa au kuona ukungu, huenda kukawa mwanzo wa kifafa cha mimba. Kichefuchefu cha asubuhi ni cha kawaida. Kutapika hadi maji yasikae tumboni si kawaida. Hali kadhalika, kutokwa na damu na kupungua kwa mchezo wa mtoto tumboni ni mambo ya kupelekwa hospitalini siku iyo hiyo.

Mikono ndiyo hukamilisha masomo haya. Mwanafunzi hupapasa tumbo kwa hatua nne zilizoelezwa na Mjerumani Christian Gerhard Leopold mwishoni mwa karne ya 19: kilele, ubavu kwa ubavu, kilichotangulia chini, na kama kimeingia nyongani. Kisha huweka tumboni pembe ya kusikilizia iliyobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard, na kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo yanapaswa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mkono wake mwingine hushika kifundo cha mkono cha mama, asije akahesabu mapigo ya mama akidhani ni ya mtoto.

Tangu 2016, WHO imependekeza kwamba mja mzito amwone mhudumu wa afya angalau mara nane. Katika kila ziara, kabla ya kuondoka kando ya kitanda, mwanafunzi hufunzwa kumweleza mama alichokipata na maana yake, kwa lugha ambayo mama huyo ataweza kuirudia nyumbani kwa mumewe na kwa mama mkwe. Mara nyingi hao ndio watakaoamua, usiku kichwa kinapomwuma, kama atapelekwa hospitalini au ataambiwa alale hadi asubuhi.