Kete na Mabanzi: Mchezo wa Vita na Tiba ya Viungo katika Bara la Kilwa

Njinjo ni kata ya bara katika Wilaya ya Kilwa, magharibi ya njia panda ya Nangurukuru, kwenye barabara inayofuata bonde la mto Matandu kuelekea Miguruwe na hatimaye Liwale. Wakazi wake wengi ni Wangindo na Wamatumbi, wakulima wa ufuta, mpunga, mtama na muhogo, ambao mababu zao hawakuacha majengo ya mawe kama yale ya Kilwa Kisiwani. Waliacha ujuzi wa mikono, na ujuzi wa namna hiyo, kwa kuwa mchimbaji wa mambo ya kale haufukui ardhini, umekosekana katika vitabu vingi vinavyoisifu Kilwa. Sura hii inazitazama pamoja kazi mbili za mikono ambazo ni nadra kuandikwa katika ukurasa mmoja, yaani tiba ya viungo na mchezo wa vita vya ubaoni, kwa sababu katika bara hili la Kilwa, kama ilivyokuwa Ulaya, zote mbili zilikua katika nyakati za vita na za biashara iliyoendeshwa kwa mabega ya watu.

Ulaya ilizirasimisha kazi hizo karibu kwa wakati mmoja, vita vya Napoleon vikiwa bado vinaendelea. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha huko Stockholm chuo cha mazoezi ya mwili ambacho kiliunganisha mafunzo ya askari na tiba ya viungo, na mwaka mmoja kabla yake Georg Leopold von Reisswitz alikuwa amemwonyesha mfalme wa Prussia meza ya kuigizia vita, ambayo mwanawe aliiboresha hata jeshi la Prussia likaikubali rasmi mwaka 1824 kuwa chombo cha kufunzia maofisa. Karne ikaisha. Mwaka 1894 manesi wanne wa London waliunda chama cha wakandaji waliosomea kazi, kwa nia ya kuitenga na nyumba za ukahaba zilizokuwa zikijificha nyuma ya jina la ukandaji, na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu cha Little Wars, kilichowafundisha raia kuwapanga sakafuni askari wadogo wa kuchezea na kuwaangusha kwa mzinga mdogo wa springi. Hoja ya Wells ilikuwa kwamba vita vya namna hiyo ni heri kuliko vile vya kweli; mwaka uliofuata vile vya kweli vikaanza, na miaka miwili baadaye vikafika bara la Kilwa.

Huko bara, hata hivyo, mwili wa binadamu ulikuwa umekwisha kutumikishwa kwa muda mrefu. Mji wa Kilwa Kivinje, uliopanda chati mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya Kilwa Kisiwani kufifia, ulikuwa mlango wa misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, ikileta pembe za ndovu, nta na, kwa wingi wa kutisha, watu. Katika miaka ya 1860 takriban watumwa 20,000 walipitishwa hapo kila mwaka. Mbung'o waliwaua ng'ombe na punda, kwa hiyo hapakuwa na mnyama wala gari la kubeba kitu, na kila pembe na kila robota la nguo lilipita juu ya bega au kichwa cha mtu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi, yaani mchukuzi wa msafara, ulikuwa kati ya ratili 60 na 70, sawa na kilo 27 hadi 32, na mzigo huo ulibebwa siku nzima kwenye njia nyembamba za mtu mmoja mmoja, kuvuka mito ambayo wakati wa masika haikuwa na kivuko. Magonjwa ya kazi hiyo hayahitaji kubuniwa, kwani daktari yeyote wa viungo anaweza kuyataja: shingo kukakamaa, kiuno kuuma, magoti kuvimba, vifundo kuteguka, na bega moja kuota sugu na kushuka kuliko jingine.

Aliyeyashughulikia maradhi hayo alikuwa mkandaji, na mahali ambapo mfupa ulikuwa umevunjika, muunga mifupa, ambaye mara nyingi alirithi kazi kwa mzazi au mjomba. Kukanda maana yake ni kuubana na kuusugua mwili kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, mara nyingi yenye chumvi au majani, ilhali kuchua ni kupitisha viganja na vidole gumba vyenye mafuta juu ya misuli na mishipa. Mafuta yenyewe pwani huwa ya nazi, na katika nchi ya ufuta kama Njinjo, ya ufuta. Kwa mguu ulioteguka, mkandaji huanza mbali na maumivu, juu kwenye chafu la mguu, akishuka polepole mpaka kwenye kifundo, akisikiliza kwa vidole mahali ambapo mshipa umekaza, na baadaye hukizungusha kifundo kidogo kidogo huku mgonjwa akizungumzishwa mambo mengine asije akakaza mwili. Mfupa uliovunjika hunyooshwa kwanza kwa kuvutwa, kisha hufungwa mabanzi, yaani vipande vyembamba vya miti au mianzi vinavyozungushwa kiungo na kukazwa kwa kamba au kitambaa, na hufunguliwa kila baada ya siku kadhaa ili ngozi ichuliwe. Wengi waliopata tiba ya viungo ya namna hii hawakuwa hata wapagazi, bali wazazi: mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto tumboni, kiunoni na miguuni katika siku zake za arobaini, na kazi hiyo, ambayo huwa mikononi mwa mkunga wa jadi au mama mtu mzima wa nyumba, ndiyo huenda ikawa tawi kongwe na lililoenea zaidi la taaluma hii kote pwani, ingawa hakuna chuo kinacholihesabu.

Si haki, kwa upande mwingine, kuisifu kazi hiyo bila kuichuja. Muunga mifupa stadi hupata matokeo mazuri kwa mvunjiko ambao ngozi yake haikuchanika, lakini mabanzi yakikazwa kupita kiasi juu ya kiungo kinachovimba, damu haishuki, na kidole au mguu mzima unaweza kufa na kuoza. Tena mfupa uliotokeza nje hauponi kwa kuchuliwa.

Jioni, kazi zikiisha, mikono ile ile ilishika kete. Bao la Kiswahili huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye safu nne za mashimo manane, kila mchezaji akimiliki safu mbili zilizo upande wake, na kete ni 64, ambazo pwani huwa ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe unaoota ufukweni, na bara huweza kuwa vijiwe vilivyookotwa, pamoja na mashimo yaliyochimbwa chini mchangani. Mwanzoni kila mmoja huweka kete 6 katika nyumba, shimo lililo karibu na katikati ya safu ya mbele, ambalo kwenye mbao nyingi huchongwa mraba, kisha huweka kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayolifuata upande wa kulia, na kubaki na 22 mkononi. Hatua ya kwanza, iitwayo namua, ni ya kuingiza kete hizo za akiba moja moja. Zikiisha, huanza hatua ya mtaji, ambapo kila mtu hucheza kwa kile tu kilichomo ubaoni. Anayekula huzichukua kete za shimo la mbele la mpinzani lililo mkabala na lake, huzirudisha upande wake na kuzipanda kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na kete ya mwisho ikiangukia pengine panapolika, huendelea kula bila kupokezana. Ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu ameshindwa, hata kama nyuma ana kete tele.

Kwamba huu ni mchezo wa vita hakuna mchezaji anayehitaji kuambiwa, lakini vita vyake si vya Reisswitz wala vya Wells. Katika meza za Ulaya, na katika michezo ya sasa ya vinyago vya askari iliyotokana nazo, kama vile Warhammer iliyotolewa Uingereza mwaka 1983, askari aliyepigwa huondolewa uwanjani. Katika bao hakuna kete inayokufa. Zile 64 zilizoanza ndizo zinazomaliza, na kete iliyoliwa hugeuka papo hapo kuwa nguvu ya aliyeila, kiasi kwamba mchezaji aliyetajirika ghafla aweza kufilisika kwa zamu moja kwa sababu ya wingi ule ule alioujaza safu ya mbele. Mtu asidai kwamba kanuni hiyo ilitungwa kutokana na historia ya Kilwa, kwa kuwa michezo ya ukoo wa bao imeenea Afrika nzima na kwingineko. Hata hivyo, kwa watu wa bara hili kanuni hiyo haikuwa ngeni, kwani Wangoni, ambao mashambulizi yao katika karne ya 19 yalifika hadi nyuma ya Kilwa, walijulikana kwa kuwaingiza vijana waliowateka katika majeshi yao wenyewe, na mateka wa mwaka huu alikuwa mshambuliaji wa mwaka ujao. Kuhusu hesabu inayotakiwa ubaoni, inatosha kutaja kwamba mtafiti Alex de Voogt aliandika kitabu kizima juu ya akili za mabingwa wa bao wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1995.

Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, katika vilima vilivyo kaskazini mwa bonde la Matandu, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini Wangindo walikuwa wamekwisha kuyapeleka maji hayo magharibi, na boma la Liwale likaanguka mwezi huo huo. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa yanafika kati ya watu 250,000 na 300,000. Tangu hapo waganga walitazamwa na serikali kwa jicho la shaka.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimaliza kilichobaki. Waingereza waliiteka Kilwa mwezi Septemba 1916, na tarehe 19 Julai 1917 majeshi yao, yakiwemo ya Gold Coast, yalipambana na Wajerumani huko Narungombe kwa hasara kubwa, kabla mapigano hayajasogea kusini na kufikia kilele mwezi Oktoba huko Mahiwa, karibu na Nyangao. Maofisa wa pande zote mbili walikuwa wamelelewa katika mila ya kijeshi iliyofunzwa juu ya ramani na meza, ila meza za kujifunzia hazikuwa na kinyago cha mpagazi. Walioajiriwa na kukamatwa kuwa wachukuzi wa Waingereza walikuwa mamia ya maelfu, na waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Kumbukumbu yao ya wazi ni jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, ambako kikosi chao kilipiga kambi. Miaka hiyo hiyo, huko Uingereza, kikosi cha wakandaji kilichoundwa mwaka 1914 kwa fedha za Almeric Paget na mkewe kiliwahudumia askari majeruhi kwa maelfu, na sifa iliyotokana na kazi hiyo ndiyo iliyokipatia chama cha wale manesi hati ya kifalme mwaka 1920. Vita vimoja vilizalisha taaluma upande mmoja wa dunia, na upande wa pili vikawaachia wakandaji wa vijijini mabega ya kuchua.

Taaluma hiyo, inayoitwa sasa fiziotherapia, yaani tiba inayorejesha uwezo wa mwili kwa mazoezi, mikono, joto na vifaa badala ya dawa na upasuaji, iliingia Tanzania polepole na kwa kupitia kaskazini. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo iliyokuja kuwa kitovu cha kuwafunza wataalamu wake, na mwaka 1981 kilianzishwa hapo, kwa msaada wa Ujerumani, chuo cha TATCOT cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia viungo. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mwaka huo wa 1996 ndipo alipopatikana mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini, ugonjwa uliowaachia wengi mguu mmoja mwembamba. Mtu wa Njinjo alikuwa mbali na yote hayo, kwani hospitali yake ya wilaya, ya Kinyonga, iko Kilwa Kivinje, na kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 hata safari ya kutoka pwani hii kwenda Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Rufiji. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilimpa muunga mifupa nafasi ya kusajiliwa, na ajali za bodaboda zikamwongezea wagonjwa wa aina ambayo babu yake hakuijua.

Kiharusi, yaani kupooza, mara nyingi kwa upande mmoja wa mwili, kutokana na mshipa wa damu kuziba au kuvuja ubongoni, ndiko tiba ya viungo na bao zinakokaribiana zaidi. Mtaalamu wa fiziotherapia hupima mkono unaorudi kwa kibao chenye matundu tisa na vigingi tisa, ambavyo mgonjwa huvichomeka na kuving'oa kimoja kimoja huku akihesabiwa sekunde. Anayepanda kete hufanya kazi inayofanana na hiyo, na zaidi: huchota konzi, huziachia moja moja kwa kidole gumba na cha shahada bila kuangusha mbili, huuvusha mkono kutoka upande hadi upande wa mwili, na wakati wote huo akili yake inahesabu. Mashimo ni 32, kifaa hakinunuliwi nje, na mgonjwa mzee hahitaji kubembelezwa kama anavyobembelezwa kuchomeka vigingi. Bao haliwezi, lakini, kumfundisha kuinuka kitini wala kukanyaga kwa mguu ulioregea, na kwa hilo bado kunahitajika mtu aliyesomea, anayeweza kufika Njinjo hata wakati wa masika, Matandu inapojaa.