Msitu Huogwaje?

Niliwahi kutafsiri kijikaratasi cha afya, na kichwa chake nikakiandika "Faida za Kuoga Msituni". Kabla ya kukipeleka nilimsomea shangazi yangu, mhariri wangu asiyelipwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hayo maji ni ya mtoni au mtu anajibebea ndoo? Na sabuni je?"

Nikajua tafsiri imekufa.

Neno lenyewe ni la Kijapani, shinrin-yoku. Si la kale, ingawa wauza safari hupenda kulivika mvi. Lilibuniwa mwaka 1982 na idara ya serikali ya Japani inayosimamia misitu, iliyotaka watu wa mijini waliochoshwa na kazi watoke wakatembee mitini. Shinrin ni msitu, na huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza imechorwa miti mitatu, ya pili miwili, hata machoni neno limesongamana. Yoku ni kuoga, na alama yake ina matone ya maji ubavuni. Matone hayo ndiyo yanayotutelezesha. Mjapani anayo pia nikko-yoku, ambamo kinachouangukia mwili ni mwanga wa jua. Hilo Mswahili analo siku nyingi: kuota jua. Hakuna aliyewahi kusema anaoga jua. Yoku, basi, ni kuuacha mwili upokee kilichouzunguka, kiwe maji au kisiwe.

Kwa mantiki hiyo tungesema kuota msitu. Lakini mtu akikuambia "jana nimeota msitu", utamtafutia mtabiri wa ndoto, si kumpongeza kwa kujali afya yake.

"Kuoga msituni" kuna kasoro nyingine isiyohusu maji. Ni hilo "msituni". Kwetu mtu "aliyeingia msituni" mara nyingi ameingia na silaha. Kenya ya miaka ya 1950 iliwajua hivyo wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa Aberdare na Mlima Kenya. Ukiondoa -ni ukasema "kuoga msitu", unapata mshirika asiyetarajiwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako kila Julai watu husherehekea Mwaka Kogwa. Huko mwaka wenyewe ndio unaokogwa. Nilishangilia nilipolikumbuka hilo, kisha nikatulia: asili ya jambo ni watu kwenda kuoga kweli, na mwaka haukuwa maji yao. Isitoshe, koga kwa watu wa pwani ni pia kufanya madaha. Wako wanaokwenda msitu wa Karura, Nairobi, kwa shughuli hiyo hasa, simu imeinuliwa juu, mgongo wameipa miti. Hao ndio wanaokoga msitu.

Istilahi haipimwi kwa sikio tu, bali pia kwa kazi inayoitaja. Mtu akiwa mitini mwili wake hupokea nini?

Kwanza harufu. Miti hutoa hewani kemikali zinazoisaidia kujikinga na wadudu na vijidudu. Mwanabiolojia wa Kisovieti Boris Tokin aliziita fitonsidi. Qing Li, daktari wa Nippon Medical School, Tokyo, aliwapeleka wanaume 12 misituni kwa siku 3, akakuta chembe nyeupe za damu zinazowinda virusi na saratani zimeongezeka na kuchangamka. Huenda ilikuwa ni mapumziko tu? Baadaye akafanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: aliwalaza wanaume 12 hotelini mjini kwa usiku 3, bila mti hata mmoja, huku mafuta ya hinoki, ndugu wa misaiprasi, yakifukizwa chumbani. Chembe zilezile zikaongezeka tena. Nilipomsimulia shangazi alitazama chetezo chake cha udi bila kusema neno, kama mtu aliyecheleweshewa haki yake.

Tusimpe haki hiyo upesi. Wanaume 12 ni wachache mno. Utafiti mpana zaidi ulitolewa mwaka 2010 na wataalamu akiwamo Yoshifumi Miyazaki wa Chuo Kikuu cha Chiba. Vijana 280 walipimwa katika misitu 24: nusu wakitembea na kukaa msituni, nusu mjini, kesho yake wakabadilishana. Msituni kotisoli, homoni ya mfadhaiko, ilishuka, mapigo ya moyo yakapungua, na presha nayo ikashuka, ila kidogo sana. Mwenye presha asitupe vidonge vyake.

Lakini harufu haitoshi kueleza yote. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha rekodi za wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliotolewa mfuko wa nyongo. Nusu vitanda vyao vilitazama miti dirishani, nusu vilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walirudi nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Hao hawakunusa chochote. Waliona tu.

Tunahitaji, basi, kitenzi chenye kupokea kwa pua, macho na ngozi, kisichomlazimisha mtu kufika popote. Na kipo. Nenda Forodhani, Unguja, jioni, au Mama Ngina, Mombasa, umkute mtu amekaa ukutani na mihogo yake, anatazama bahari. Muulize anafanya nini. "Napunga upepo tu." Hahesabu hatua, hatoki jasho, na akiulizwa amefaidi nini atakuona una lako jambo. Wajapani nao hawakukusudia mbio wala kupanda vilima. Walikusudia mwendo wa pole na vituo vingi.

Kupunga kuna upande wa pili. Upepo hupungwa ukaingia. Pepo hupungwa akatoka. Kitenzi kimoja, njia mbili. Wengine wataona huo ni mkanganyiko wa kukwepwa. Mimi naona ndipo kilipowashinda wenzake, maana majaribio yale nayo yana pande mbili: hewa ya miti inaingia, mfadhaiko unatoka. Kwa hiyo kijikaratasi kilitoka na "kupunga msitu". Niliambiwa wazee wanaotunza misitu ya kaya za Wamijikenda wataelewa kwamba tunautoa msitu mashetani. Nikajibu kwamba wao ndio wenye misitu iliyobaki, wakiamua kutusahihisha tutawasikiliza.

Likabaki jambo moja. Istilahi ikishapata kitenzi hudaiwa mtendaji, na Japani wapo watu waliofunzwa na kupewa vyeti vya kuwaongoza wengine mitini. Nikarudi kwa shangazi nikiwa na jibu mkononi, nimeiga mpunga pepo.

"Mpunga msitu," nikamwambia.

Alifikiri kidogo. "Ni mbegu mpya? Unapikika kama ule wa Kyela?"